Kumpaka Mgonjwa Ugonjwa

Kama umewahi kutazama filamu za kampuni yetu ndogo, ile iliyoko ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia, basi kazi ya Bi Poda unaijua hata kama yeye humjui. Hakuwahi kusimama mbele ya kamera. Lakini kwa miaka kumi na saba kila mgonjwa aliyekufa katika filamu zetu alipita kwanza mikononi mwake. Yeye ndiye aliyewakausha midomo kwa gundi na poda, akawadidimiza macho kwa wanja na rangi ya zambarau, akawatia jasho la gliserini kwenye paji la uso. Mimi ni mtu wa taa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha lile jasho linang'aa.

Niseme mapema kwamba ugonjwa wa filamu zetu haukuwa na jina. Mwongozaji wetu hakupenda majina ya magonjwa, alidai yanafukuza watazamaji. Mtu alikohoa mara moja mezani, akatazama kitambaa chake, muziki ukalia, na punde tunamwona kitandani, shuka jeupe limemfika kidevuni na hereni ziko masikioni. Hapangi foleni ya dawa. Haendi haja. Kazi yake ni kuwasamehe watu waliomkosea, kisha afe. Mwenye kampuni akitaka mwisho wa furaha, anapona siku ya harusi. Upuuzi huo niliumulika miaka tisa na mshahara wake nikala, kwa hiyo sina wa kumcheka.

Aliyekuwa na haki ya kucheka ni mdogo wake Bi Poda, na alicheka kwelikweli. Sisi tulimwita Chupa, maana hukumkuta popote bila chupa ya maji. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake zinajipinda na kuziba njia, na mwenye nao akaanza kuumwa ndani ya mifupa, mahali ambapo mkono haufiki kukanda. Maji yalikuwa nusu ya dawa yake. Baridi ilikuwa adui, kusimama kutwa kulikuwa adui, na kuudhiwa kulikuwa adui mkubwa kuliko wote. Wazazi wao walipofariki Chupa alikuwa na miaka tisa. Bi Poda akamlea, akakataa wachumba wawili ninaowajua mimi kwa sababu hawakutaka kuoa dada wakapewa na mgonjwa juu.

Walikaa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa nusu sebule nusu ghala: mawigi yamevalishwa vichwa vya plastiki juu ya kabati, masharubu yamebandikwa kwenye kioo, na ndani ya friji chupa tatu za sharubati zimejaa damu ya bandia, kila moja imeandikwa USINYWE kwa herufi kubwa tangu siku niliyokunywa mimi. Jumapili mchana tulikaa pale tukatazama kazi yetu kwenye televisheni, na Chupa hakutuacha tutazame kwa amani.

"Dada, huyu kliniki yake ni siku gani?"

"Haendi kliniki. Anakufa dakika ya themanini."

"Na hizo hereni hazimchomi akilala?"

"Hereni za mhusika hizo, nyamaza."

"Haya. Siku moja basi mniwekee mgonjwa anaosha vyombo. Akimaliza aumwe. Kesho yake aende kazini."

Nilimpelekea mwongozaji wazo hilo kwa mzaha. Aliniuliza nani atakaa saa moja na nusu kumtazama mtu anaosha vyombo.

Sasa shida ya Chupa ilikuwa moja: hakufanana na mgonjwa. Alikuwa na mashavu yaliyojaa, meno meupe, na kicheko cha kusikika ngazi nzima. Macho yake yalikuwa na umanjano kidogo, lakini ilibidi ujue unatafuta nini. Alifanya kazi duka la viatu, kupanda ngazi na kushusha maboksi kwa namba, thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini, kutwa nzima. Siku mbili tatu kila mwezi hakuweza hata kukunja goti. Msimamizi wa duka hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kawaida, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alimtazama Chupa usoni na kumwambia, "Mgonjwa namjua mimi, nimewaona. Wewe hata kukohoa hukohoi." Aliwaona wapi? Kwetu. Tulimfundisha sisi. Halafu akamwambia kwamba akikosa kazini tena bila sababu ya kuonekana, asirudi.

Sababu ya kuonekana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu alitaka na usufi wenyewe auone.

Asubuhi moja nilikwenda kumchukua Bi Poda kwa gari la kampuni. Nilimkuta Chupa kwenye kiti, magoti ameyafunga kwa khanga mbili, machozi yanamtoka bila sauti. Alikuwa anataka kwenda dukani hivyohivyo, akaombe ruhusa mwenyewe, maana kwa simu msimamizi hakumwamini. Bi Poda alikuwa ameshafunga sanduku lake la kazi. Akalifungua.

"Kaa sawa," akasema.

"Wataka kufanya nini?"

"Kaa sawa, mdogo wangu."

Chupa alipoona sponji inakuja usoni akaushika mkono wa dada yake. "Lakini naumwa kweli, dada. Mtu anayeumwa kweli anapakwa nini?"

"Maumivu yako yako ndani. Mimi nayatoa nje wayaone. Basi."

Ilimchukua dakika nane. Mimi nimesimama mlangoni, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa kimya, nikasema, "Na kikohozi je?"

"Siumwi kifua mimi," akasema Chupa.

"Watu hawaelewi ugonjwa usio na kikohozi. Jaribu."

Akajaribu. Alikohoa kama mtu aliyepaliwa na maji, tukacheka wote watatu, yeye anacheka huku ameshika magoti. Nikamfundisha: kikavu, kifupi, mkono kifuani, kisha tazama chini. Nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu huu.

Msimamizi alipomwona aliinuka kitini. Akaagiza maji, akampa siku tatu, akamrudisha nyumbani kwa gari lake mwenyewe. Njiani alimwambia, "Ungesema mapema, dada, kumbe hali ni hii." Bi Poda aliposimuliwa alipiga makofi. Sikuwahi kumwona na furaha namna ile, hata siku filamu yetu ilipopewa tuzo. Fikiria: miaka yote anamkanda mdogo wake miguu na hakuna anayemwamini, kisha kwa poda na brashi dunia nzima inasema pole.

Wakaendelea, miezi minane. Maumivu yalikuwa ya kweli kila mara, hilo nitalisema hata nikiapishwa. Hawakuiba siku hata moja. Kilichokuwa cha uongo ni sura tu. Hata shangazi yao, aliyezoea kusema Chupa anadekezwa, siku moja alimkuta amepakwa, akalia, akamwombea dua ndefu. Chupa akaitikia amina huku anaogopa kufuta jasho.

Lakini kitu kilikuwa kinaharibika, na sisi hatukukiona. Nilikiona mara moja tu, nikakipita. Chupa alikuwa kitandani, hajapakwa, anauma ukingo wa taulo kwa maumivu, mimi nimempelekea maji ya moto. Akaniambia, "Kaka Taa, siku hizi nikijitazama kwenye kioo hivi nilivyo, hata mimi naona kama nadanganya." Nikamwambia aache mawazo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi nilikuwa mzima wa afya, najua nini?

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Tulikuwa na tukio kubwa, nyota wetu anakufa, na mwongozaji alitaka afe kabla ya saa sita kwa sababu kitanda kilikuwa cha kuazima. Bi Poda aliamka na mawazo ya kazi tu. Alikuwa ameshachanganya rangi ya zambarau ya nyota, nzito kuliko ya kawaida, na Chupa alipoomba kupakwa akamchotea kutoka humohumo ili asipoteze muda. Mimi nilikuwa mlangoni tena, injini inanguruma chini.

"Leo ni kifua, dada," akasema Chupa.

"Mm."

"Nasema leo ni kifua. Kinabana kweli."

Bi Poda alikuwa anatafuta kifuniko cha kopo. "Vizuri," akasema, "basi leo utakohoa vizuri."

Tukacheka. Wawili tu, mimi na Bi Poda.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu ndipo moyo wangu unapokwama. Bi Poda alijua. Kliniki walimwambia tangu Chupa ana miaka kumi: magoti mkandeni, mgongo mpeni dawa, lakini kifua kikibana msingoje, mleteni. Maneno hayo yaliandikwa nyuma ya kadi yake ya kliniki kwa wino mwekundu. Angeamshwa usingizini angeyasema bila kukosea. Lakini asubuhi ile neno kifua lilimwingia sikioni likiwa neno la kazi. Miezi minane tulikuwa tunamtengenezea mtoto wa watu kifua cha uongo, na cha kweli kilipobisha hodi tulidhani ni kilekile.

Saa tatu na nusu nilikuwa nje ya chumba cha kurekodia nafunga waya uliolowa, karani akanijia mbio na simu ya ofisi. Chupa ameanguka dukani kati ya maboksi. Simu ya Bi Poda ilizimwa, zote zilizimwa, ndiyo sheria ya kurekodi. Sikumngoja. Nilichukua gari, nikamkuta Chupa sakafuni, msimamizi anampepea kwa kifuniko cha boksi. Anapumua kwa vipande. Nikambeba hadi hospitali ya karibu, ambayo siyo ile ya kliniki yake.

Mapokezi kulikuwa na watu wengi. Sista mmoja alikuja haraka, nitamshuhudia kwa hilo, alikuja haraka. Akamketisha, akamuuliza anaumwa nini. Chupa akasema, "Selimundu... kifua." Sista akachukua pamba yenye spiriti amfute jasho na mvua usoni. Pamba ikatoka zambarau. Akaitazama. Akachukua nyingine, akamfuta chini ya jicho, na chini ya ule weusi likatokea shavu zuri la Chupa, limejaa, linang'aa. Akamfuta mdomo, magamba ya gundi yakabanduka.

Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimevaa fulana ya kampuni, jina kubwa kifuani, na picha ya kamera.

"Kamera yenu iko wapi?" akauliza. "Mmeificha wapi?"

"Sista, hakuna kamera. Huyu mgonjwa."

"Mgonjwa wa rangi? Hapa kuna wagonjwa wa kweli, kaka. Wiki iliyopita walikuja vijana wenzenu, wakaturekodi tunahangaika, wakaenda kutucheka kwenye simu zao."

Wakati huo Chupa akakohoa. Kikavu, kifupi, mkono kifuani, akatazama chini. Sista akatikisa kichwa.

Hapo ningesema kwa upole. Ningemshika sista pembeni, nikamweleza kisa chote, hata kama ni cha aibu. Yule mama alikuwa mtu wa kuelewa, nilikuja kumjua baadaye. Lakini mimi hasira zangu ziko puani siku zote. Nikapiga kelele. Nikamwita jina ambalo sitaliandika. Nikapiga meza, faili zikaanguka, mlinzi akaja, akanishika ukosi, nikajikuta nje kwenye mvua. Hasira hasara, nilifundishwa nikiwa darasa la pili, na bado hazijanitoka. Ndani, Chupa akawekwa kwenye benchi la kungoja, na mwenye kumtetea ametolewa nje kama mlevi.

Nikakimbiza gari kumfuata Bi Poda. Juu ya mlango wa chumba cha kurekodia kulikuwa na balbu nyekundu, ikiwaka haingii mtu. Inawaka. Niligonga, hakuna aliyefungua. Nikaenda kwenye swichi kuu nikazima taa zote za jengo. Kelele za mwongozaji zilisikika hadi kwa wauza mapazia. Mlango ulipofunguka nyota wetu alikuwa ameketi kwenye kitanda chake cha kufia, anauliza umeme umekatika au vipi, na Bi Poda amesimama pembeni na brashi mkononi.

"Chupa," nikasema. "Kifua."

Sikuhitaji kuongeza neno. Alitoka vilevile, na aproni yake ya kazi. Tukapita nyumbani kuchukua kadi, barabara zimejaa maji, na njia nzima alisema sentensi moja tu, anairudia: "Aliniambia. Aliniambia, Taa, nikamtania."

Tulipofika zilikuwa zimepita saa mbili na nusu tangu nimwache pale. Chupa alikuwa bado benchini, kichwa kimeegemea ukuta, uso nusu umefutwa na nusu haujafutwa. Kucha zake zilikuwa zimebadilika rangi. Bi Poda alimpita, akaenda moja kwa moja kwa sista, akamwekea kadi mbele ya macho.

"Mimi ndiye niliyempaka," akasema. "Mikono yangu hii. Lakini ugonjwa wake ni wa kweli. Nakuomba."

Sista alisoma upande wa mbele, akageuza, akasoma wino mwekundu. Sijaona mtu akikimbia vile ndani ya viatu vya kazi. Kikaja kitanda cha magurudumu, ikaja oksijeni, dripu, daktari, wakaulizia damu. Walipokwisha kumwingiza ndani, sista alirudi, akasimama mbele ya Bi Poda, akauliza kwa sauti ya chini, bila ukali: "Kwa nini umpake mgonjwa ugonjwa?"

Bi Poda alifungua kinywa. Mimi niliyajua majibu yote, ya dukani, ya msimamizi, ya shangazi, ya miaka kumi na tano ya kutoaminiwa. Yeye pia aliyajua. Akaipangusa mikono yake kwenye aproni.

Kifua kilifunguka siku ya pili, tukashukuru Mungu. Siku ya tatu, mchana, Chupa alikuwa anamwomba dada yake kikombe, na neno kikombe likakataa kutoka. Upande wa kushoto wa mdomo ukashuka. Mkono wa kushoto ukalala. Kiharusi, daktari alisema, hutokea kwa watu wa selimundu. Bi Poda akamuuliza kama ni kwa ajili ya zile saa mbili na nusu. Daktari alikuwa kijana mwaminifu. Alisema, "Huenda ingetokea hata kama angepokelewa mlangoni. Huenda isingetokea. Siwezi kuapa upande wowote." Wapo watu wangelichukua lile huenda la kwanza wakalale nalo. Bi Poda alichukua la pili, na analo hadi leo.

Sista alikuja wodini kila mwisho wa zamu. Alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka, akajaza maji, akaondoka. Siku moja nilimwomba radhi kwa lile jina nililomwita. Akasema hata yeye ana la kuomba, ila hajui amwombe nani.

Mwaka umepita. Bi Poda bado yuko kwetu, hana ufundi mwingine. Anapaka maharusi, walevi, vizee, mizimu. Wagonjwa hapaki. Mwongozaji hakugombana naye, alileta msichana mwingine aliyejifunza kwa kutazama filamu za Bi Poda mwenyewe, na anawadidimiza macho kuliko hata yeye. Chupa alirudi duka la viatu. Msimamizi alimwekea kiti na kazi ya kuandika namba za maboksi kwa mkono wa kulia. Anaongea polepole, anachechemea, na mdomo haujarudi mahali pake na daktari anasema hautarudi. Watu hawamuulizi tena kama anaumwa.

Wiki iliyopita niliwapeleka kliniki. Chupa alikuwa na siku njema, mojawapo ya zile ambazo hakuna kiungo kinachomuuma, na njiani aliimba, kwa ule mdomo wake, tukacheka. Foleni ya dirisha la dawa ilikuwa ndefu. Mama mmoja aliyekuwa katikati akageuka, akamwona.

"Jamani mpisheni huyu!" akasema. "Hamwoni hali yake?"

Foleni nzima ikageuka. Ikaachana.

"Ahsante, mama," akasema Chupa, taratibu. "Leo siumwi. Nitapanga foleni."

"Usijikaze, mwanangu. Tunakuona."

"Siumwi, kweli."

"Maskini, roho yake nzuri," akasema mwingine. Mzee mmoja akavua kofia.

Chupa akamgeukia dada yake. "Waambie, dada. Wewe waambie."

Bi Poda akawaambia. Akawaambia tena kwa sauti kubwa zaidi, kwamba mdogo wake leo ni mzima, haumwi popote, amekuja akiimba. Walimsikiliza kwa heshima, wakatikisa vichwa. Kisha yule mama akamshika Chupa mkono na kumpeleka mbele dirishani.